Kusoma Herufi Pana katika Lugha ya C: Baiti Moja Si Herufi Moja

Mwalimu aliyewahi kuandaa orodha ya vitabu vya maktaba ya shule kwa kompyuta huenda amekutana na jina la mwandishi lililochapwa namna hii:

    NgÅ©gÄ© wa Thiongâ€™o

Karani aliyeingiza jina hilo hakukosea. Alibonyeza funguo zilizo sahihi, na faili limehifadhi jina sawasawa, Ngũgĩ wa Thiong’o, kama alivyoliandika mwenyewe marehemu yule (1938–2025). Kosa limetokea baadaye, pale programu ilipolisoma faili hilo na kudhani kwamba kila baiti iliyopita mbele yake ni herufi kamili. Matokeo yake ni zaidi ya karatasi yenye sura mbaya. Mwanafunzi akiitafuta «Ngũgĩ» katika orodha hiyo ataambiwa kwamba maktaba haina kitabu chake hata kimoja, ilhali vitabu viko rafuni.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyoweza kusoma maandishi ya aina hii bila kuyaharibu, kwa kutumia kile kinachoitwa herufi pana. Tunamchukulia msomaji kuwa amekwisha kujifunza misingi ya lugha ya C, yaani anajua kufungua faili kwa `fopen` na kusoma kwa `fgetc`. Katika makala haya neno «herufi» litatumika kwa kila alama ya maandishi, ikiwa ni pamoja na tarakimu, nafasi na vituo. Pale tutakapotaka kutaja herufi za alfabeti peke yake, tutasema hivyo.

Asili ya tatizo

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo maandishi ya kompyuta nyingi nchini humo yaliandikwa kwa jedwali liitwalo ASCII, lililotolewa mwaka 1963. Jedwali hilo lina nafasi 128 tu, nazo zinatosha kwa herufi kubwa na ndogo za Kiingereza, tarakimu, vituo vya kawaida na amri chache za mashine. Kila moja huingia katika baiti moja na kubakiza biti moja ya ziada. Kwa hiyo aina ya data iitwayo `char` ilifanywa kuwa baiti moja, na tangu hapo wanafunzi wengi wa C wamekua wakiamini kwamba baiti na herufi ni kitu kimoja.

Kiswahili cha herufi za Kirumi kimetuficha tatizo hili kwa muda mrefu. Maneno yetu hayana alama juu ya irabu, na hata ng’ tunaweza kuiandika kwa kutumia alama ya mkato iliyomo katika ASCII. Lakini jirani zetu hawakubahatika hivyo. Kikikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Kiswahili chenyewe kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na yeyote anayetaka kunakili hati hizo za kale katika kompyuta hukutana na tatizo hilihili tangu herufi ya kwanza.

Suluhisho la kimataifa ni Unicode, jedwali ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambalo leo lina herufi zaidi ya 150,000. Kila herufi imepewa namba yake. Kwa mfano ĩ ni namba 297, ũ ni 361, na ile alama ya ’ iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua hupenda kuiweka badala ya mkato ulionyooka, ni 8217. Ni dhahiri kwamba namba 361 haiwezi kuingia katika baiti moja, kwa sababu baiti moja huishia 255. Hapana budi igawanywe.

Namna ya kuigawanya iliyoshinda nyingine zote inaitwa UTF-8. Ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mnamo Septemba 1992, nasi tuitazame kwa makini kidogo, maana anayeielewa hatashangazwa na lolote litakalofuata. Herufi za ASCII hubaki kama zilivyokuwa: baiti moja inayoanza na biti 0. Herufi inayohitaji baiti mbili huanza na baiti yenye biti 110 mbele, ikifuatwa na baiti yenye biti 10 mbele. Ya baiti tatu huanza na 1110, na ya nne huanza na 11110. Baiti zote zinazofuata ile ya kwanza huanza na 10. Kwa hiyo ukiokota baiti yoyote katikati ya faili, unaweza kujua papo hapo kama ni mwanzo wa herufi au ni mkia wake.

Tuchukue ũ. Namba 361 katika kizio cha mbili ni 101101001. Tukiiandika kwa biti kumi na moja tunapata 00101101001. Tunaikata baada ya biti tano za mwanzo: 00101 na 101001. Kipande cha kwanza tunakivika 110 mbele na kupata 11000101, yaani 197. Cha pili tunakivika 10 na kupata 10101001, yaani 169. Basi ndani ya faili ũ ni baiti mbili, 197 na 169. Katika majedwali ya zamani ya Ulaya ya Magharibi, 197 ilikuwa Å na 169 ilikuwa ©. Sasa msomaji anafahamu zile «Å©» zilitoka wapi. Ningependekeza kila mwalimu awape wanafunzi wake hesabu hii waifanye ubaoni kabla ya kugusa kompyuta, kwani ni hesabu ya kidato cha kwanza na huondoa uchawi wote.

Herufi pana ni nini?

Ndani ya faili, basi, herufi zina urefu usiolingana. Jambo hilo linafaa kwa kuhifadhi, lakini linasumbua kwa kufanyia kazi. Lugha ya C inatoa njia ya kuzisoma herufi hizo na kuziweka katika kumbukumbu ya kompyuta zikiwa na ukubwa mmoja. Chombo cha kuwekea kinaitwa `wchar_t`, na kitu kilichomo ndani yake ndicho herufi pana. Aina hii ya data ilikuwamo tayari katika sanifu ya kwanza ya C ya mwaka 1989, kwa sababu ya mahitaji ya lugha kama Kijapani na Kichina. Lakini fanksheni za kusomea na kuandikia mikondo ya herufi pana, pamoja na faili la vichwa `wchar.h`, zilikuja na nyongeza ya mwaka 1995.

Ukubwa wa `wchar_t` hautajwi na sanifu. Katika Linux ni biti 32, na herufi yoyote ya Unicode huingia bila shida. Katika Windows ni biti 16, na herufi zenye namba zaidi ya 65,535 hulazimika kukatwa vipande viwili, jambo ambalo kwa maoni yangu linaliondolea wazo zima la herufi pana nusu ya faida yake. Windows pia ina taratibu zake za ziada za kusoma UTF-8. Mifano ya hapa inafuata sanifu na desturi za Linux.

Kila fanksheni ya kusoma baiti ina ndugu yake wa herufi pana. `fgetc` ana `fgetwc`, `fgets` ana `fgetws`, na `fscanf` ana `fwscanf`. Majina hayo yanaweza kumfanya mwanafunzi adhani kwamba kazi yake ni kubadilisha majina tu. Sivyo. Kuna mambo matatu ambayo ndugu hawa wapya wanayadai, na ambayo wale wa zamani hawakuyadai.

La kwanza ni mazingira ya lugha. `fgetwc` inapochukua baiti 197 na 169 kutoka mkondoni, inajuaje kwamba hizo ni ũ wala si Å na ©? Haijui mpaka iambiwe. Kila programu ya C huanza katika mazingira yanayoitwa "C", ambayo kwa hakika hayajui zaidi ya ASCII. Katika mazingira hayo mifumo mingine huikataa baiti 197 papo hapo, na mingine huipitisha kama namba isiyo na maana. Kwa hiyo amri ya kwanza ya programu iwe

    setlocale(LC_ALL, "");

ambayo maana yake ni «yachukue mazingira aliyoyachagua mwenye kompyuta», mathalan `sw_TZ.UTF-8` au `sw_KE.UTF-8`. Amri hii hurudisha `NULL` ikiwa mazingira yaliyotajwa hayamo katika mashine, na hapo mambo hubaki kama yalivyokuwa. Nimeona programu nyingi za wanafunzi zinazoiita `setlocale` na kulipuuza jibu lake. Kisha mwanafunzi huapa kwamba ameiweka amri na mashine haitii. Kadhalika amri hiyo sharti itangulie usomaji wa kwanza. Katika Linux mkondo huamua namna ya kutafsiri baiti zake pale unapopata mwelekeo, na ukishaamua, mabadiliko ya baadaye ya mazingira hauyasikii.

Tumetaja mwelekeo, nao ndio dai la pili. Mkondo uliofunguliwa sasa hivi hauna mwelekeo wowote. Fanksheni ya kwanza itakayougusa ndiyo itakayouamulia: ukiguswa na `fgetc` unakuwa mkondo wa baiti, na ukiguswa na `fgetwc` unakuwa mkondo mpana. Baada ya hapo haubadiliki mpaka ufungwe au ufunguliwe upya, na kuchanganya fanksheni za aina mbili katika mkondo mmoja ni jambo ambalo sanifu haikuahidi matokeo yake. Kanuni hii inahusu pia mkondo wa matokeo. Programu ikichapa mstari wa kwanza kwa `wprintf` na wa pili kwa `printf`, mstari wa pili unaweza usionekane kabisa, wala mashine isilalamike. Anayetaka kujua mkondo umeelekea wapi aulize kwa `fwide(mkondo, 0)`: jibu chanya ni mkondo mpana, jibu hasi ni wa baiti, na sifuri maana yake haujaelekea.

Dai la tatu ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe, nami nitalieleza kwa urefu.

Jibu moja lenye maana tatu

Miaka kadhaa iliyopita mwenzangu wa isimu aliniomba nimhesabie jinsi irabu i, ĩ, u na ũ zinavyotokea katika orodha ndefu ya maneno ya Kikikuyu, iliyopangwa kwa alfabeti na kukusanywa na watu mbalimbali kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefundishwa kazi hii na watu hodari huko nilikosomea ng’ambo, na niliiona kuwa kazi ya alasiri moja. Nikaandika programu, nikaiendesha, ikamaliza bila kulalamika, nikampa jedwali la matokeo. Aliliingiza katika taarifa yake.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu na karatasi ya maneno mkononi. «Ndugu yangu,» akaniuliza, «hawa watu wako hawana thayũ wala wĩra?» Maneno hayo maana yake ni amani na kazi. Hayakuwamo katika hesabu yangu. Kwa kweli halikuwamo neno hata moja linaloanza na herufi inayofuata n. Programu yangu ilikuwa imesoma zaidi kidogo ya nusu ya faili, ikasimama, ikachapa matokeo kana kwamba imefika mwisho.

Kilichoisimamisha ni jina la mtu. Pembeni mwa neno mojawapo, aliyeliandika alikuwa ameongeza jina la aliyempa neno hilo, René, naye aliliandika kwa mashine ya zamani iliyotumia jedwali liitwalo ISO 8859-1. Katika jedwali hilo é ni baiti moja, 233. Sasa tuitazame baiti hiyo kwa macho ya UTF-8. Katika kizio cha mbili, 233 ni 11101001. Inaanza na 1110, yaani inatangaza kwamba nyuma yake zinakuja baiti mbili zinazoanza na 10. Lakini baada ya jina René ilifuata nafasi, ambayo ni 00100000. Ahadi imevunjwa, na `fgetwc` haiwezi kutoa herufi yoyote. Ikarudisha `WEOF`.

Hapo ndipo ulipo mtego. `WEOF` ni thamani ambayo fanksheni hurudisha inapokosa herufi ya kutoa, na wengi wetu tumezoea kuisoma kuwa «mwisho wa faili», kwa sababu ndivyo jina lake linavyodokeza. Kumbe ina maana tatu: faili limekwisha, au chombo cha kusomea kimeshindwa, kama vile diski yenye hitilafu, au baiti zilizokutwa si herufi halali katika mazingira yaliyowekwa. Kitanzi kisemacho «soma mpaka `WEOF`» hutoka katika hali zote tatu kwa utulivu uleule. Fanksheni ya kale `fgetc` ilikuwa na maana mbili tu, na ile ya pili hutokea mara chache mno, hata tukazoea kuisahau. Ya tatu si ya nadra hata kidogo. Hutokea kila mafaili ya watu wengi yanapounganishwa kuwa moja, jambo ambalo ofisi na shule zetu hulifanya kila siku.

Dawa ni kuuliza baada ya kitanzi. Hii hapa programu nzima:

    #include <errno.h>
    #include <locale.h>
    #include <stdio.h>
    #include <wchar.h>
    #include <wctype.h>

    int main(void)
    {
        FILE *mkondo;
        wint_t h;
        long jumla = 0, alfabeti = 0;

        if (setlocale(LC_ALL, "") == NULL)
            return 1;
        mkondo = fopen("maneno.txt", "r");
        if (mkondo == NULL)
            return 2;

        errno = 0;
        while ((h = fgetwc(mkondo)) != WEOF) {
            jumla++;
            if (iswalpha(h))
                alfabeti++;
        }

        if (errno == EILSEQ)
            wprintf(L"Baiti batili baada ya herufi %ld\n", jumla);
        else if (ferror(mkondo))
            wprintf(L"Kosa la kusoma baada ya herufi %ld\n", jumla);
        else
            wprintf(L"Zote: %ld  Za alfabeti: %ld\n", jumla, alfabeti);

        fclose(mkondo);
        return 0;
    }

Mambo machache katika programu hii yanastahili kuangaliwa. Kigeu `h` ni cha aina ya `wint_t`, wala si `wchar_t`. Sababu ni kwamba lazima kiweze kubeba kila herufi pana pamoja na `WEOF`, ambayo si herufi. Anayetumia `wchar_t` hapo anaweza kuponea katika mashine moja na kuangukia katika nyingine.

Kigeu `errno` kimewekwa sifuri baada ya `fopen` na kabla ya kitanzi, kwa kuwa fanksheni za awali zinaweza kukiachia thamani zake hata zilipofaulu. Thamani `EILSEQ` ndiyo alama ya baiti batili. Na tumeliuliza swali la `EILSEQ` kwanza kwa makusudi. Faili linaweza kukatika katikati ya herufi, kwa mfano likibaki na 197 bila 169 yake, na hapo mwisho wa faili na baiti batili ni tukio moja. Ni afadhali programu itangaze ubovu kuliko kutangaza ukamilifu.

Programu hii ikipewa faili lenye jina Ngũgĩ wa Thiong’o peke yake, bila mstari mpya mwishoni, itajibu kwamba herufi zote ni 17 na za alfabeti ni 14. Faili lenyewe lina baiti 21. Msomaji aihakikishe hesabu hiyo kwa mkono: ũ na ĩ huongeza baiti moja kila moja, na ’ huongeza mbili, kwa kuwa namba 8217 huandikwa kwa baiti tatu, 226, 128 na 153.

Programu inapotangaza baiti batili, kazi ya `fgetwc` imekwisha, na si busara kuendelea kusoma mkondo huo kana kwamba hakikutokea kitu. Faili lifungwe, lifunguliwe tena kwa "rb", lisomwe kwa `fgetc` huku programu ikihesabu mistari, hadi pahali penye kasoro paonekane. Ndivyo nilivyofanya. Nilipata baiti tatu tu zenye kasoro katika faili zima, zote katika majina ya watu. Mwenzangu alilazimika kuirudisha taarifa yake na kubadilisha kila jedwali.

Kusoma mistari na maneno

Kusoma herufi moja moja kunatosha kwa kuhesabu, lakini mara nyingi tunahitaji mstari mzima. Hapo hutumika `fgetws`:

    wchar_t mstari[80];

    while (fgetws(mstari, 80, mkondo) != NULL)
        shughulikia(mstari);

Namba 80 hapa ni idadi ya herufi pana, si ya baiti. Fanksheni husoma herufi 79 kwa wingi na kubakiza nafasi ya mwisho kwa ajili ya sifuri ya kufungia. Mwanafunzi aliyezoea kuandika `sizeof mstari` katika `fgets` asifanye hivyo hapa, kwani katika Linux atapata 320 badala ya 80, na fanksheni itaruhusiwa kumwaga herufi nje ya safu. Aandike `sizeof mstari / sizeof mstari[0]`.

`NULL` ya `fgetws` ina maana tatu zilezile za `WEOF`, na maswali ya baada ya kitanzi ni yaleyale. Tena hapa hasara ni kubwa zaidi: baiti batili ikikutwa katikati ya mstari, yaliyomo katika safu hayategemewi tena, hata yale maneno mazuri yaliyoitangulia baiti hiyo. Kwa sababu hiyo mimi humshauri anayesoma mafaili asiyoyajua atumie `fgetwc` na kujijengea mstari mwenyewe.

Kwa maneno yaliyotengwa na nafasi ipo `fwscanf`:

    wchar_t neno[50];

    while (fwscanf(mkondo, L"%49ls", neno) == 1)
        shughulikia(neno);

Herufi l iliyo kabla ya s ndiyo inayosema kwamba safu ni ya herufi pana. Ikisahauliwa, sanifu inaiagiza fanksheni iyageuze maandishi kuwa baiti tena na kuyaweka katika safu ya `char`. Kwa kuwa safu yetu si ya `char`, matokeo yatakuwa takataka. Kompaila nzuri hutoa onyo, ikiwa imeombwa kutoa maonyo.

Pale herufi pana isipotosha

Haifai msomaji aondoke akidhani kwamba herufi pana moja ni lazima iwe herufi moja ya alfabeti kama mtu anavyoielewa. Unicode inaruhusu ũ iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni namba 361 tuliyoiona. Ya pili ni u ya kawaida ikifuatwa na namba 771, ambayo ni kiwimbi kisicho na herufi, kinachopanda juu ya herufi iliyotangulia. Machoni ni kitu kilekile. Kwa `fgetwc` ni herufi moja katika njia ya kwanza na mbili katika ya pili, na jina Ngũgĩ linaweza kuwa na herufi pana tano au saba kutegemea mashine iliyoandikia. Fanksheni `wcscmp` itasema kwamba majina hayo mawili hayafanani. Mwanafunzi wetu wa maktaba, basi, anaweza kukikosa kitabu chake hata baada ya kila baiti kusomwa kwa usahihi. Lugha ya C yenyewe haina fanksheni ya kuyalinganisha maumbo hayo mawili. Hutafutwa katika maktaba za programu zilizotungwa kwa kazi hiyo.

Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yana jambo la namna hiyo. Fataha, kasra na dhuma, ambazo ndizo zinazobeba irabu, kila moja ina namba yake katika jedwali. Anayehesabu herufi pana katika hati ya utenzi anahesabu konsonanti na irabu kwa pamoja, na anayezifuta irabu ili kurahisisha kazi anaweza kulifanya «bata» na «beti» kuwa neno moja. Kwa upande mwingine ng’ ni sauti moja inayochukua herufi pana tatu. Hapo kompyuta haina kosa. Swali lake ni la mwanaisimu.

Iko pia herufi namba 65,279 ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili kuwa alama ya utambulisho. Haionekani kwenye kioo, lakini `fgetwc` huisoma, na neno la kwanza la orodha linakataa kulingana na lenzake. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa sababu yake.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba `wchar_t` haifai kutumika kabisa, na kwamba ni bora programu ibaki na baiti za UTF-8 mwanzo hadi mwisho na kuzifungua pale tu inapohitaji. Kwa programu kubwa zinazopaswa kuendeshwa katika mashine za kila aina nakubaliana nao. Kwa darasani sikubaliani. Mwanafunzi anayeanza na `fgetwc` hulazimika kujifunza mazingira, mwelekeo na baiti batili, na akishayajua hayo matatu anaweza kuhamia njia nyingine yoyote.

Mazoezi

1. Andika faili lenye neno Ngũgĩ, bila mstari mpya mwishoni. Lihesabu kwa `fgetc`, kisha kwa `fgetwc`. Eleza tofauti ya majibu kwa kuandika kila baiti katika kizio cha mbili.

2. Ifute amri ya `setlocale` katika programu iliyotolewa hapo juu na uiendeshe tena kwa faili lilelile. Andika kile mashine yako inachosema, na ulinganishe na mashine ya mwenzako.

3. Kwa programu fupi nyingine, nakili faili hilo baiti kwa baiti ukiiacha ile ya mwisho. Kabla ya kuiendesha programu ya kuhesabu, bashiri ni ujumbe upi kati ya mitatu utakaochapwa, na baada ya herufi ngapi.